Kiwanja Kilipogeuzwa

Mimi ni mgomvi, nisijisafishe. Nimefundisha netiboli Newala miaka mingi, na simkumbuki mwalimu mkuu hata mmoja niliyefanya naye kazi bila kukwaruzana. Nilikuwa nagombea kitu kimoja tu: wasichana wangu wapate mahali pa kuchezea. Kiwanja chetu cha zamani kilikuwa cha mpira wa miguu. Sisi tulisukumiwa nyuma ya goli, kwenye mchanga uliojaa vipande vya chupa, na tukienda Masasi kwenye mashindano tunafungwa, kwa sababu watoto hawajawahi kukanyaga saruji.

Kwa hiyo ilipoamuliwa kiwanja kikarabatiwe kiwe cha michezo yote, nikawekwa kwenye kamati. Mhandisi akatandika ramani mezani. Alisema kiwanja cha mpira kigeuzwe, kwani kilivyolala tangu zamani kipa mmoja anapigwa na jua la jioni usoni. Kikigeuzwa, upande wa geti inabaki nafasi ya viwanja viwili vya netiboli, pamoja na kimoja cha wavu na kimoja cha kikapu. Akauliza nani anaafiki. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema.

Ndipo nikamkumbuka kaka yangu.

Kaka ndiye aliyekuwa akichora mistari ya kiwanja kile tangu ana ndevu nyeusi. Tepu ya kupimia hakuwa nayo. Aliingia getini asubuhi na mapema, akahesabu hatua kwa Kimakonde mpaka kwenye kona, akachomeka kigingi, akahesabu tena, akafunga kamba. Kisha alipita juu ya kamba na kopo lililotobolewa matundu, akinyunyiza chokaa kavu, maana maji huku kwetu juu mlimani si ya kuchezea. Mistari yake ilinyooka. Wageni walikuwa wakiuliza kapimia nini.

Wasichokijua ni kwamba kaka haoni. Macho yalififia mwaka hadi mwaka, mwishowe akabakiwa na ukungu tu. Mimi nilijua, na wanangu walijua, kwa sababu tulikuwa tunakaa kwake. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, na baba yao alipofariki kaka alituchukua bila kuombwa. Nje ya nyumba hakuna aliyeshtuka. Nyumbani alijua hatua za kwenda kila mahali, na kiwanjani alijua hatua zake, basi. Kazi ile ndiyo iliyomfanya aendelee kuamka asubuhi akiwa mtu mwenye shughuli yake, na nilijua ikimtoka hatakuwa na nyingine.

Ujenzi ulichukua miezi, kiwanja kimefungwa. Kila Jumapili tukitoka kanisani anauliza, "Wamefika wapi?"

"Wanaendelea, kaka."

Mungu anaona, nilitaka kumwambia. Lakini kumwambia kimegeuzwa ilikuwa ni kumwambia hatua zako hazifai tena, na aliyenyoosha mkono ni mimi. Nikasema nitamwambia kesho. Nikasema nikirudi semina Mkunya. Mimi niliyewahi kumfokea ofisa mbele ya wazazi nilishindwa na sentensi moja.

Siku ya ufunguzi bwana michezo alituma mtu amwite aje mapema achore. Sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda Chilangala tangu jana yake kuchukua timu ya wasichana wa huko ije kucheza na wangu. Tuliposhuka kwenye gari, kiwanja kilishaanza kujaa, na watu wanacheka.

Geti halikuhamishwa. Kaka alikuwa amehesabu toka getini kama siku zote, akachora kiwanja cha zamani, chote, juu ya kipya. Mstari mweupe ulitoka kwenye udongo, ukapanda saruji ya netiboli, ukaikatiza katikati, ukashuka upande wa pili. Umenyooka kabisa. Yeye alikuwa amesimama mwishoni na kopo lake, ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Bwana michezo akamfuata. "Mzee, umelewa?"

Kaka hajawahi kuonja pombe. Wasichana wangu nao wakacheka, wale wale niliowapigania.

Nilimshika mkono nikamtoa. Nililia njia nzima, mtu mzima mimi, na sikujali nani ananitazama.

Nyumbani alikaa kwenye kigoda uani, akaanza kuosha chokaa miguuni.

"Niliihisi saruji," akasema. "Nikajua nimepotea. Lakini watu walikuwa wameshaanza kuingia, nikaona aibu kuuliza."

"Nisamehe, kaka. Kimegeuzwa. Nilijua tangu kwenye ramani."

Akawa anasugua kisigino kile kile muda mrefu.

"Ungenitembeza siku moja tu, mdogo wangu. Siku moja. Miguu yangu ingeshika. Si ni kuhesabu tu?"

Hilo sikuwahi kulifikiria. Miezi yote ile nilijiona namwonea huruma, kumbe alichohitaji ni mtu wa kuingia naye getini akatembea naye pembe nne. Nusu saa ingetosha. Nikamwambia twende kesho asubuhi, tuanze upya, mimi na yeye.

"Twende kufanya nini?" Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Kopo wameshalichukua."

Kisha akaniomba taulo. Lilikuwa limeanikwa kwenye kamba, mbele ya uso wake, pale ambapo siku zote alilichukua mwenyewe. Nikalitoa, nikamwekea mkononi.