Tumbo la Karani wa Tiketi

Siku hizi hapa Voi kuna nyumba ya vioo ambayo vijana wanaingia na kulipa ili watokwe na jasho. Nimepita pale nikachungulia. Nikaona kijana anakimbia juu ya mashine na hafiki popote, na mwingine amesimama kando yake anamwambia ongeza, ongeza. Huyo wa kusema ongeza nimeambiwa analipwa vizuri na watu wanamheshimu. Nilisimama pale nikasikia uchungu, maana kazi hiyo mimi niliifanya hapa hapa Voi zamani za wakoloni, na heshima sikuiona.

Shule nilikaa kidogo, nikajua kuandika jina langu na kusoma bei ya sukari, basi. Haya ninayoandika naandika kama ninavyosema. Jeshi ndilo lililonifundisha mengine, kuandika na hii kazi ya kusema ongeza. Nilipelekwa Burma kwenye vita vya wazungu, huko kwenye matope, na afisa mmoja akaniona naruka kamba akanipenda, akaniweka niwafundishe wenzangu piti. Piti ni mazoezi ya jeshi: mikono juu, mikono chini, lala, amka, kimbia mpaka ule mti urudi. Niliporudi Taita nikakuta hakuna mtu hata mmoja anayetaka kufundishwa kulala na kuamka. Nikaenda kukata mkonge. Mkonge una miiba mibaya, kidole hiki cha kati hakikunjiki tangu wakati ule, hata nikishika kikombe kinabaki juu kama cha bibi arusi. Mwishowe nikapata kazi kwenye klabu ya watu wa reli, kufagia ukumbi, kupanga viti, na kuangalia kile chumba cha nyuma.

Chumba cha nyuma kilikuwa mabati juu na mabati kando. Mzungu mmoja wa karakana alikuwa amekitengeneza kwa ajili yake, akahamishwa, akaacha vyuma vyake. Kulikuwa na mtaimbo mrefu wenye magurudumu ya toroli kila upande, mifuko ya mchanga, kamba ya katani na benchi. Jua likishapanda kidogo vyuma vilikuwa havishikiki, kwa hiyo ilibidi mtu aje alfajiri, na mtu wa kuamka alfajiri ili ainue chuma kisha akirudishe pale pale, wakati ule, wapi. Walikuwa wakija mafaimani wa injini, wale wa kutia makaa kwenye moto, lakini wao walishajengwa na kazi yao. Walikuja kushindana tu, na aliyeshindwa alisema mimi nimemwongezea chuma kwa siri.

Ndipo akaja karani wa tiketi. Alikuwa Mtaita mwenzangu, mtu wa Marungu, mnene, sauti yake kanisani ilikuwa inafunika wengine wote. Alikuwa anataka kuwa gadi wa gari la moshi la Taveta. Leo mtu hawezi kuelewa gadi alikuwa nani. Alikuwa na koti la vifungo vya shaba, bendera nyekundu na ya kijani, na filimbi, na dereva awe mzungu awe Singasinga haondoki mpaka gadi aseme. Karani alikuwa ameshafaulu maswali yote ya bendera na taa. Kilichobaki ni daktari wa reli, na daktari alipomgonga kifua, akampandisha ngazi na kumsikiliza anavyohema, akamwambia hivi: gari likiharibika usiku kati ya Bura na Maktau, gadi lazima akimbie nyuma na bendera yake azuie gari linalofuata. Wewe utafika na tumbo hilo? Rudi baada ya mvua za vuli likiwa limepungua. Likiwa halijapungua, nafasi nampa mwingine.

Akanijia klabu amevua kofia.

"Mwalimu, nataka unitoe hili tumbo."

"Lilianza lini?"

"Nilipooa."

Nikampokea. Tukaanza kukimbia kandokando ya reli kabla jua halijatoka, yeye mbele, mimi nyuma nikimsukuma kwa maneno. Sasa ilikuwa ile miaka ya hali ya hatari, kule Manyani kambi imejaa wafungwa, na mtu akionekana anakimbia lazima awe anatoka mahali. Asubuhi moja askari akatusimamisha na bunduki yake.

"Nani anamfukuza nani?"

"Mimi namfukuza huyu," nikasema.

"Amekuibia?"

"Hapana, afande. Ni mnene."

Askari akamtazama karani juu mpaka chini, akanirudia mimi. "Na unene wake unakuuma nini wewe?"

Ilibidi tumpeleke mpaka kwa mkuu wa stesheni ndipo akaamini. Baada ya hapo kila akituona alipiga kelele, "Bado hujamkamata?" na wapita njia wote wanacheka. Mambo kama hayo yanachosha. Nyinyi mnacheka, lakini mimi nilikuwa nafanya kazi.

Hata hivyo tumbo lilianza kurudi nyuma. Nilimkataza mahamri, nikamkataza sukari kwenye chai, nikamwambia ale nusu ya sahani aache nusu. Magurudumu ya toroli aliyokuwa hawezi kuyatikisa akawa anayainua mpaka kifuani. Ngazi za daraja la stesheni akawa anapanda na kuzungumza. Suruali zikawa zinamwanguka, akawa anazifunga mkanda mpaka zinajikunja kiunoni kama mdomo wa gunia. Nilifurahi. Nilijiona kama mtu anayechonga kinyago na sura inaanza kutokea.

Kumbe mimi naona sura inatokea, watu wanaona mtu anakwisha.

Kwetu mtu akikonda hapongezwi. Mtu akikutana nawe akuambie umenenepa, amekusalimia vizuri, ina maana nyumbani kwako kuna amani na sufuria haikauki. Akisema umekonda, anakuuliza kwa adabu kama unaumwa, au huli, au kuna mtu amekufanyia jambo. Karani alikuwa anakaa dirishani, na kila aliyekuja kununua tiketi ya Mombasa alimpa pole kwanza. "Pole sana, ulilazwa wapi?" Kanisani wakamwombea bila yeye kuomba. Nikamwambia awaeleze ni mazoezi. Akawaeleza. Wakaitikia, "Ee, sawa," kwa ile sauti ya kumwitikia mgonjwa asiyetaka kusema ugonjwa wake.

Halafu ikaja siku tumekimbia kidogo tu, akasimama akatapika kando ya reli.

"Umekula nini?"

"Kidogo tu."

"Kidogo gani?"

"Kimanga."

Kimanga chetu ni muhogo na maharagwe vimepondwa pamoja mpaka mwiko unasimama wenyewe. Ni chakula kitamu sana, sikisemi vibaya, marehemu mama yangu alikuwa hodari wa kimanga kule Mwatate kote. Lakini si cha kula jioni halafu ukimbie asubuhi.

"Mwalimu, wewe humjui mke wangu," akasema, mikono magotini. "Alikaa mbele yangu akalia. Anasema kama sili kwake, nimwambie ukweli ninakula kwa nani."

Nilikwenda mwenyewe nyumbani kwake kwenye landi za reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi. Mkewe alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo na hakunyanyua uso.

"Shemeji," nikamwambia, "huyu bwana asipopungua hapati kazi."

"Kazi anayo."

"Ya ugadi."

"Shemeji, wewe una mke?"

"Ninaye."

"Mnene au mwembamba?"

"Ana mwili wake."

"Basi nenda ukamkimbize yeye." Akapeta ungo, maganda yakanirukia miguuni. "Mimi kule bombani naulizwa mume wangu nampikia nini siku hizi, maji? Wewe utakuja kunijibia?"

Nikarudi zangu klabu. Nikamwambia karani awe anakula mbele yake polepole, atafune sana, apoteze wakati. Ushauri wa kipumbavu, lakini nilikuwa nimeishiwa.

Mvua za vuli zilikuwa zinamalizika na daktari anakuja wiki iliyofuata, ndipo mama yake mzazi akafika. Sijui nani alimpelekea habari Marungu, habari za namna hiyo hupanda gari bila tiketi. Mama alishuka kwenye gari la asubuhi, akaenda moja kwa moja dirishani, akamwangalia mwanawe. Kisha akaenda kwa mkuu wa stesheni na kumwambia amekuja kumchukua mgonjwa wake. Mkuu wa stesheni alikuwa Mhindi mpole, naye siku nyingi alikuwa anajiuliza vivyo hivyo, akampa ruhusa. Mimi napata habari, karani ameshaondoka.

Nilisubiri arudi mwenyewe. Hakurudi. Niliposikia daktari anafika kesho kutwa, nikaomba kupanda gari la mizigo mpaka Maungu, stesheni ya karibu na Marungu, nikakaa kwenye behewa la nyuma na gadi mwenyewe. Nikamwona alivyo pale na taa zake na jiko lake la chai, anaandika saa ya kila stesheni, anatazama gari lote likijipinda mbele yake. Nikasema moyoni yule mnene wangu atakuwa mjinga akiikosa hii kwa sababu ya maharagwe. Nikashuka Maungu, nikatembea mpaka kwao, jua linanipiga kisogoni.

Nikamkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta, kigoda chini yake, bakuli la maziwa mkononi. Uso wake ulikuwa umeng'aa. Hakuthubutu kunitazama.

"Mwalimu," akasema, "ng'ombe amezaa."

Mama akatoka ndani akijifuta mikono. "Wewe ndiye unayemkondesha?"

"Ni mazoezi, mama. Daktari ndiye aliyesema."

"Daktari akasema mtoto wa watu akonde, na wewe ukaitikia."

"Anataka kazi ya gadi."

"Gadi ni kazi ya watu wembamba?"

"Ni ya mtu anayeweza kukimbia."

"Akimbie aende wapi? Si yuko ndani ya gari?"

Nikamweleza yote, gari likiharibika usiku, gari jingine linakuja nyuma, gadi anakimbia na bendera na taa kwenda kulizuia. Alinisikiliza vizuri kuliko watu wengi wa Voi.

"Kwa hiyo kazi yenyewe," akasema, "ni mwanangu akimbie porini peke yake kwenye simba, aende kusimama mbele ya gari linalokuja."

"Si kila siku, mama."

"Mara moja inatosha."

Nilimtazama karani anisaidie. Alikuwa anakunywa maziwa. Mama akaingia ndani, akarudi na sahani, akaniwekea mapajani. "Kula. Wewe pia naona huna mtu wa kukuangalia." Na mgeni hakatai chakula. Nikakaa pale nikala kuku na kimanga karibu na yule yule niliyemkataza, hasira inanipanda na mikono inaendelea kula, maana kilikuwa kitamu kweli.

Jioni mama aliniambia hatamzuia mwanawe kushuka, ni mtu mzima, lakini hatashuka na njaa. Basi kesho yake tulishuka, na mama nyuma na kikapu.

Nilimsubiri nje ya chumba cha daktari. Nilimsikia akipanda na kushuka ile ngazi. Alipotoka alikuwa anafunga vifungo, na kile cha tumboni kilikataa.

"Amesema nimejitahidi."

"Amesema nini tena?"

"Nijitahidi zaidi. Ila nafasi haingoji."

Basi ikawa hivyo. Marungu wakasema nusura nimuue mtoto wao. Watu wa reli wakasema nilikimbia na mtu msimu mzima na tumbo nikashindwa kulitoa. Yaani hao wananilaumu kwa kumkondesha, na hawa kwa kutomkondesha, na mtu ni yule yule mmoja.

Siku chache baadaye mkewe akapita klabu nikifagia. Nilidhani amekuja kunicheka. Akasimama mlangoni.

"Shemeji, kumbe alikuwa anaitaka sana ile kazi. Juzi sikumsikia akiimba kanisani."

"Nilikwambia."

"Ulinikataza kupika, hukuniuliza kitu. Ungeniuliza, ningezipeleka zile suruali kwa fundi zipunguzwe. Watu hawakuona mwili wake, waliona nguo inamwanguka. Suruali ingemkaa vizuri, nani angesema amekonda? Hata mimi bombani ningepumua."

Nikabaki na ufagio mkononi. Jambo la fundi wa cherehani, la asubuhi moja. Jeshini hatukuwa na tatizo hilo, kaptula zote zilikuwa kubwa kwa kila mtu. Alipoondoka nilipiga teke mfuko wa mchanga, mguu ukaniuma mpaka Jumapili.

Nafasi alipewa kijana mmoja mwembamba kutoka Makwasinyi, miguu kama fito, ambaye maisha yake yote hajawahi kuinua hata kiti cha klabu. Nilimwomba karani tuanze tena, nikamwambia nafasi nyingine itatokea, safari hii fundi kwanza. Akasema atafikiri. Siku gari la Taveta lilipoondoka na gadi mpya alifunga dirisha lake la tiketi akaja kusimama nami jukwaani. Yule kijana akapiga filimbi, akanyoosha bendera ya kijani, koti linampwaya mabegani, akarukia behewa lake kama mbuzi. Sikuweza hata kumpungia mkono.

Karani alimtazama mpaka gari likapinda. Kisha akavuta mkanda wake juu ya tumbo.

"Ngoja aoe, mwalimu," akasema. "Utampata."