Tulivyoyafunika Mabomba ya Kaka

Nisameheni kwanza mwandiko. Nimesoma mpaka darasa la nne, na mkono wangu haukuizoea kalamu. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na mvua, na pengine nitaweka r mahali pa l. Ukurasa mmoja hunichukua tangu adhuhuri mpaka alasiri. Lakini haya kwa mdomo siwezi kuyasema, nimejaribu, kwa hiyo nimeona afadhali kalamu mbovu.

Mimi ni mtu wa haya. Shuleni mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, nilikuwa naangalia kidole changu cha mguu mpaka achoke, amwulize mwingine. Mama alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu mwanangu huzungumza na sufuria tu," nao wakacheka, na mimi nikacheka ndani ya kanga. Mtu niliyekuwa nikizungumza naye maneno mengi ni kaka yangu, kwa sababu hakuwa akinitazama nikisema. Alikuwa akitazama kazi yake.

Kaka alikuwa fundi wa umeme. Kazi alijifunza Dar es Salaam kwa fundi mmoja wa Kihindi, mtu mzima sana. Alianza kwa kubeba ngazi, na baada ya miaka sita alikuwa akifunga waya nyumba nzima peke yake huku mzee amekaa chini anakunywa chai. Lakini leseni ilikuwa ya mzee. Asiye na leseni haruhusiwi kufunga taa ila chini ya mkono wa mwenye nayo, na kila nyumba aliyoifunga kaka ilikaguliwa kwa jina la mzee.

Kaka akaomba leseni yake mwenyewe. Akaambiwa alete barua ya fundi aliyemfundisha, kisha aonyeshe nyumba moja aliyoifunga kwa mikono yake tangu mwanzo hata mwisho, na mkaguzi wa serikali aje aione. Mzee akaandika barua. Alimwandikia kwa moyo mweupe, maneno mazuri ukurasa mzima. Mwezi uleule akafunga karakana, akapanda meli kurudi kwao kumalizia uzee. Kwa hiyo barua ilikuwa ile moja, na ilifaa kwa ukaguzi mmoja tu. Hayo kaka alinieleza siku nyingi, tena na tena, kama mtu anayejihesabia vidole.

Nyumba aliyoichagua ni yetu, hapa Bagamoyo. Aliijenga babu kwa mawe na chokaa, kuta zake nene hata mtu anaweza kulala dirishani. Nguzo za umeme zilikuwa zimekwisha fika mtaa wetu. Lakini paa letu lilikuwa la makuti, na sheria haikubali waya chini ya makuti, kwa kuogopa moto. Kaka akaezua upande wote wa mbele, akatia bati. Mvua ya kwanza ilipopiga juu ya lile bati tulidhani watu wanatupa mawe.

Sheria zenyewe zilikuwa nyingi. Swichi isiwe karibu na maji, na pale kaka alipotaka kuweka swichi ndipo ulipokaa mtungi.

"Mtungi huu upo hapa tangu nilipoletwa bi harusi," mama alisema. "Huo umeme si ndio mgeni? Uhame wenyewe."

"Mama, ni sheria."

"Hiyo sheria inakunywa maji wapi?"

Mtungi ukahama. Mama alipazoea mahali papya baada ya wiki mbili za kwenda na kata mahali pa zamani.

Kazi ya ukutani niliifanya pamoja na kaka. Yeye alichonga mfereji kwa patasi katika mawe, mimi nikashika ncha ya uzi ili mstari usipinde. Vumbi lilitufanya weupe wote wawili mpaka kwenye kope. Ndani ya mifereji alilaza mabomba ya chuma, membamba, na ndani ya mabomba akavuta waya. Nilijua kila bomba linapoingia na linapotokea. Nilijua lile moja aliloling'oa mara tatu kwa sababu kona yake ilikuwa kali mno. "Mkaguzi ataangalia kona," alisema. "Kona ndizo zinazomsema fundi."

Alipomaliza hakuziba. Kuta zikabaki zimechanwa, mabomba yanaonekana kama mishipa ya mkono wa mzee. Chokaa ya kuzibia aliiloweka shimoni uani, na mchanga akaurundika kando, tayari. Kisha akaniita.

"Mkaguzi anakuja Jumatano. Nakwenda Dar nipande naye gari lake, nisije nikamngoja hapa akapotea njia. Mtu asiguse kuta. Akishaona, akitia sahihi, ndipo tupige lipu."

Akaandika kwenye karatasi: *Mabomba yasifunikwe kabla mkaguzi hajayaona.* Akanipa. "Wewe ndiye unayejua kusoma humu ndani. Wasomee."

Niliitikia kwa kichwa. Karatasi nikaifunga kwenye pindo la kanga.

Kaka aliondoka Jumatatu. Jumanne asubuhi akafika shangazi yetu kutoka Kiwangwa, na kikapu cha mananasi kichwani. Alikuwa amesikia kwamba nyumba ya baba yake inapata mgeni wa serikali. Nilimpokea kikapu, nikamwambia shikamoo, akasema marahaba huku ameshaingia ukumbini. Akasimama.

"Wifi," alimwita mama. "Hapa pamepigana ng'ombe?"

"Ni kazi ya mwanao hiyo."

"Mwanangu kawa panya? Ukuta wa baba yangu huu! Na mgeni anakuja kesho?"

"Anakuja."

"Mzungu?"

"Wanasema Mzungu."

"Basi aje akute nyumba ya marehemu imechanika kama gunia, akasimulie huko bomani kwamba watu hawa hata chokaa hawana? Wifi, wewe umelala usingizi gani?"

Mama alisema yeye si fundi. Shangazi akasema hata yeye si fundi, ila macho anayo. Kwetu mgeni haji kukuta ukuta mchafu. Hata kwa posa, hata kwa arobaini, siku moja kabla watu hukandika na kupaka. Chokaa imo shimoni, mchanga upo, wanawake watatu wapo. Alikuwa ameshafunga kanga kiunoni.

Nikasema, "Shangazi."

"Sema."

"Kaka amesema..."

"Amesema nini? Sema kwa sauti, hapa hakuna mkweo."

Nikafungua pindo, nikamwonyesha karatasi. Shangazi alisoma msahafu vizuri kuliko watu wote wa nyumba yetu, lakini herufi zile hakuzijua. Akaigeuza, akanirudishia. "Soma basi."

Nikasoma. Naona sauti yangu haikuvuka pua. Shangazi akaniambia nirudie, nikarudia. Akaenda ukutani, akagonga bomba kwa kidole.

"Umeme uko wapi, ndani ya hili?"

"Ndani."

"Nani aliyeufunika humu ndani?"

"Kaka."

"Basi umekwisha funikwa na fundi mwenyewe. Sisi tunafunika chuma tu. Chuma kina nini cha kutazamwa? Huyo mgeni anakuja kuona taa, si kuona vyuma." Akamgeukia mama. "Au mimi nasema vibaya, wifi?"

Mama alinitazama. Naamini alikuwa akiningoja. Kama ningesema, "Mama, kaka ataumia," angesimama upande wangu, nami nilikuwa nayo maneno hayo mdomoni, nausikia uzito wake. Lakini shangazi ni shangazi, na ile nyumba ni ya baba yake. Nikaangalia kidole changu cha mguu.

"Kachote chokaa," shangazi alisema.

Nikachota, na si kuchota tu. Nilikoroga, nikabeba, nikasiliba. Shangazi alikuwa akiimba na kututania. Alimwambia mama kwamba anapaka lipu kama mtu anayempaka mtoto mafuta, mama akamwambia watu wa Kiwangwa wanajua kumenya mananasi tu, na mara tukawa tunacheka wote watatu. Naona haya kuandika kwamba nilicheka. Kona ile aliyoing'oa kaka mara tatu niliifunika mimi, kwa kiganja, nikailainisha mpaka ikang'aa. Alasiri ilipoingia, ukumbi ulikuwa mweupe kama yai. Shangazi akasimama mlangoni, akasema, "Sasa hii ni nyumba."

Jumatano gari lilifika kabla ya adhuhuri. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la ukumbi, maana nilikwisha vunja ungo na msichana kama mimi hatoki mbele ya wanaume wageni. Nilimsikia kaka akibisha hodi, sauti yake ina furaha. Nikamwona akiingia, na nyuma yake mkaguzi, Mzungu mrefu mwenye soksi mpaka magotini, ameshika ubao na penseli.

Kaka alisimama katikati ya ukumbi. Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto.

"Karibu, bwana, karibu," shangazi alisema. "Nanasi limekwisha menywa."

Mkaguzi alishukuru kwa Kiswahili cha taratibu. Akatazama taa juu, akatazama swichi, akamwuliza kaka, "Mabomba yako wapi?"

"Yamo ndani, bwana. Niliyaacha wazi. Nilipoondoka yalikuwa wazi."

"Nani ameyafunika?"

Shangazi akajibu, bila hofu, kama mtu anayesubiri kusifiwa. "Sisi wenye nyumba, bwana. Kwa heshima yako."

Mkaguzi akapapasa ukuta kwa kiganja. Chokaa ilikuwa bado na unyevu, ikamshika vidoleni. Hakukasirika. Mpaka leo natamani angekasirika, watu wangebishana, ningepata pa kujificha. Alisema polepole, "Ni ukuta mzuri sana, mama. Lakini nisichokiona siwezi kukitia sahihi."

Kaka alitoka mbio, akarudi na nyundo na patasi. "Nitafungua sasa hivi, bwana. Nusu saa."

"Ukivunja hivi utapiga mabomba, nami sitajua kama yalikuwa mazima," mkaguzi alisema. Akafikiri, akigongagonga ubao kwa penseli. Kisha akauliza neno ambalo nalisikia mpaka leo nikiwa natwanga au nafua. "Yuko mtu mwingine aliyeyaona wazi, akajua yanapita wapi? Si wewe. Fundi hawezi kujishuhudia. Mtu mwingine akinionyesha, nitafungua pale kwenye kona tu, nitazame."

Mama akasema aliona mashimo lakini hajui lipi la nini. Shangazi akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, kwamba yeye aliona vyuma tu.

Kaka akalitazama pazia.

Alijua nipo. Miguu yangu labda ilionekana chini. Nilikuwa na uwezo wa kunyoosha mkono tu, hata uso nisiutoe, nikaonyesha: hapa linaingia, hapa linapinda, hapa linashuka. Karatasi yake ilikuwa bado pindoni mwangu. Nilitazama mkono wangu, nikauambia uende. Haukwenda. Nikamngoja aniite kwa jina, kwa sababu akiniita labda ningetoka. Kaka alifungua mdomo, akaufunga. Alinijua. Alinionea huruma, hakuniita.

"Hapana, bwana," alisema. "Hakuna mtu."

Mkaguzi akaandika: Kazi haikuonekana. Hakuandika mbaya, aliandika haikuonekana, kaka alitusomea baadaye. Akamweleza kwamba anaweza kuomba upya, alete na barua mpya ya fundi wake. Kaka akasema ndiyo, bwana. Hakumwambia kwamba fundi wake yuko ng'ambo ya bahari. Mkaguzi alikula kipande kimoja cha nanasi akiwa amesimama, kwa adabu, akaondoka.

Shangazi alilia mchana ule mpaka akatapika. Kaka ndiye aliyemnyamazisha. Mimi hakuniuliza kama niliwasomea ile karatasi, wala sikumwambia kwamba niliwasomea, wala kwamba kona ile niliifunika mimi. Tulikula pamoja wiki nzima bila neno hilo. Kisha akafunga zana zake, akaenda kwenye shamba la mkonge upande wa Ubena. Hafungi taa huko. Anabeba mkonge kupeleka mashineni. Alipokuja sikukuu nilimtazama mikono, nikatamani nisingeitazama.

Nilikwenda bomani mara tatu, na mama, nimejifunika buibui. Mara zote tatu karani alisema, "Haya, binti, shida gani?" na mara zote tatu nikamwachia mama aseme, na mama hajui la kusema ila kwamba mwanawe ni fundi mzuri.

Taa zetu ziko juu, hazijawaka hata siku moja. Tunawasha koroboi chini yake. Ukuta umeanza kuoza kwa chumvi, na tangu masika ya mwaka jana kutu ya mabomba imepenya chokaa ikatoka nje. Ni mstari wa kahawia, unapanda kutoka swichi, unapinda kwa upole palepale kwenye kona yake, unakwenda mpaka kwenye taa. Leo hata mtoto angemwonyesha mkaguzi njia. Mama anataka tupake upya. Nimekataa. Ni mara ya kwanza nimekataa jambo nyumbani kwetu, na mama alishangaa, akaacha.

Sasa nawauliza ninyi mnaosoma. Labda mmoja wenu amekaa ofisini, au ana ndugu fundi mwenye leseni, au amewahi kukataliwa akakubaliwa baadaye. Je, shahidi aliyenyamaza siku ile anaweza kupokelewa akichelewa? Barua ya fundi mwingine, asiyemfundisha kaka, inakubalika? Niandikieni, hata maneno mawili. Andikeni kwa herufi kubwa, maana nasoma polepole kama ninavyoandika. Nikizipata barua zenu sitazificha pindoni. Nitazipeleka Ubena mwenyewe, nimsomee kaka kwa sauti.