Mkunjo kwenye Shati la Mkono Salama

Mama Pasi alikuwa na kawaida moja aliyoirithi kwa mama yake, ambaye naye alikuwa dobi. Kabla ya kuiweka pasi juu ya nguo ya mtu, alilamba ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, akaigusisha chini ya pasi, akasikiliza. Ikilia chwi kavu na fupi, moto umeiva. Ikilia kwa uvivu, anangoja. Isipolia kabisa, umeme umekatika, na anatoka uani kuwasha pasi ya mkaa. Miaka yote hiyo hakuwahi kuungua, maana kidole kiligusa na kukimbia kama mdomo wa kuku anayedonoa.

Asubuhi ile alikuwa akimsikiliza mwalimu wa shule ya jirani, aliyekuja kuchukua sketi zake na kumpasha habari za mtaa. Kidole kikagusa pasi. Chwi, ikalia. Halafu ikaendelea kulia.

"Mama Pasi, kitu gani kinaungua?" mwalimu akauliza, pua juu.

Mama Pasi akatazama shati la mwanasheria lililotandazwa mezani. Jeupe pe. Akageuka kuangalia waya wa umeme ukutani. Mzima. Harufu ikazidi, nzito, kama ya unyoya uliotupwa motoni.

"Kidole! Mama Pasi, kidole chako!"

Akakiondoa. Ncha ilikuwa imegeuka nyeupe na laini kama nta. Aliutazama mkono ule kama unavyoutazama mkono wa mtu usiyemjua aliyeketi karibu nawe, kisha akacheka kidogo ili mwalimu asiogope.

"Mawazo tu, mwalimu. Shika sketi zako."

Mwalimu alipoondoka, Mama Pasi aliketi juu ya kapu la nguo chafu, akatoa simu mfukoni, akaweka kidole pale anapokiweka siku zote ili ifunguke. *Haikutambuliwa. Jaribu tena.* Akajaribu tena. Simu ikatetemeka na kukataa. Akajifuta kwa gauni, akabonyeza kwa nguvu. Simu yake mwenyewe ilikuwa inamwambia kwamba huyu siye.

Mambo haya yalikuwa yameanza polepole, miezi kadhaa nyuma. Kwanza lilitokea baka juu ya kiwiko, limepauka kama mahali palipodondokewa na dawa ya kung'arisha nguo. Haliwashi, haliumi. Alikwenda zahanati, na tabibu akalitazama akiwa ng'ambo ya meza, kalamu mkononi. "Fangasi. Paka hii." Akapaka mpaka dawa ikaisha. Aliporudi, tabibu hakuinua hata uso. "Endelea kupaka."

Hapo ndipo alipochoka na zahanati, akaingia kwenye kundi la mtandaoni lililoitwa Tunajijua. Humo watu walielezana miili yao kama majirani wanavyoelezana watoto. Walimuuliza mambo ambayo tabibu hakumuuliza: anafanya kazi gani, anashika nini kutwa, analalia upande upi. Wakakubaliana kwamba ni mishipa, imechoshwa na joto la pasi. Apumzishe mkono, akande kwa maji ya chumvi, asikubali kutiwa vidonge vya kubahatisha. Alisoma, machozi yakamlengalenga. Hatimaye kuna watu waliomwona.

Aliyemwamini kuliko wote ni mwanamume aliyejiita Mkono Salama. Huyu aliwahi kuambiwa ana ukoma. Alipewa pakiti ya vidonge, akaitupa, maana jirani yake alivimeza akageuka rangi kama sufuria la moshi, na mkojo ukawa mwekundu. Kila asubuhi alituma picha ya mkono wake wa kushoto umelazwa juu ya meza ya mbao, vidole vimenyooka, ndani ya mkono wa shati la buluu lenye mirabaraba. Chini yake maneno yaleyale: *Sijameza hata kimoja. Niko salama.*

Mama Pasi aliitazama picha ile kila siku kabla ya kufungua duka. Ilimpa nguvu.

Mpinzani mkuu humo ndani alikuwa bibi mmoja aliyejiita Muuguzi Mstaafu. Kila alipofungua mdomo walimrukia.

*Ganzi isiyoisha ichunguzwe,* aliandika. *Kujisikiliza ni kuzuri. Lakini mkono uliokufa ganzi hausemi, sasa mtausikilizaje?*

*Bibi, umetumwa na wenye viwanda vya dawa?*

*Nimetumwa na uzee, mjukuu wangu. Sina kazi nyingine.*

*Vidonge vinageuza watu rangi. Kataa basi!*

*Sikatai. Vinageuza. Ukimaliza dozi, rangi inarudi kidogo kidogo. Kidole kilichokatika hakirudi.*

*Mtoeni huyu bibi anatutisha!*

Kabla hawajamtoa, bibi aliacha maelezo ya mwisho: *Funga macho. Mwambie mtu akuguse na pamba, wewe useme "hapo" kila unapoguswa. Basi. Hata pesa hailipwi.*

Jumapili mchana, jua limewaka uani, Mama Pasi alimwita mumewe, fundi baiskeli, mtu wa masihara ambaye hata msibani huambiwa akae nyuma. Akampa kipande cha pamba.

"Leo tunacheza mchezo gani, mama?"

"Niguse mkono. Mimi nafumba macho, nitasema hapo."

"Nikikutekenya je?"

"We mwanamume, gusa tu!"

Akafumba macho. Akasikia kuku wanaparura, akasikia redio ya jirani. Akaguswa bega. "Hapo," akasema. Akaguswa tena karibu na bega. "Hapo." Kisha kimya. Akangoja. Redio ikamaliza wimbo mmoja, ikaanza mwingine. Akajua mumewe ameanza utani wake.

"Haya, endelea basi, baba. Usinichezee."

Akazidi kufumba macho.

"Endelea!"

"Mke wangu," mumewe akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe, "sijaacha."

Akafumbua macho. Pamba ilikuwa inatembea juu ya mkono wake, kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye ncha za vidole, taratibu, ikirudi na kwenda. Aliiona. Ilikuwa kama kutazama mtu akipapasa ukuta wa nyumba uliyohama.

"Twende hospitali kesho," mumewe akasema.

"Wakisema ni ule ugonjwa? Nani ataniletea nguo zake? Na hivyo vidonge, nikigeuka rangi, nimesimama pale dirishani kutwa, watu si watajua?"

"Na ukikosa huo mkono utapiga pasi kwa meno?"

Hakucheka. Kesho yake alifungua duka kama kawaida.

Alipofungua simu, kwa namba za siri sasa, picha ya Mkono Salama ilikuwa imefika. Akaivuta iwe kubwa ili aone vizuri vile vidole vilivyonyooka. Lakini jicho la dobi halina adabu, huenda kwenye nguo kwanza. Mwishoni mwa mkono wa shati, karibu na kifungo, palikuwa na mkunjo mdogo uliopinda kama mkia wa mjusi. Mkunjo wa mtu aliyekunja shati likiwa bado bichi.

Akaifungua picha ya jana. Mkia wa mjusi ulikuwa pale. Ya juzi, pale pale. Akarudi nyuma hadi picha za kabla ya mvua. Kila asubuhi, mkunjo uleule.

Mama Pasi alisimama na simu mkononi, pasi ikingoja. Maisha yake yote alikuwa amepigana na mikunjo. Alijua kwamba shati likivaliwa, mkunjo huhama. Likifuliwa, huzaliwa mwingine. Hakuna shati linalojikunja vilevile mara mbili. Picha zote zile zilipigwa siku moja. Tangu siku ile, ni mkono wa zamani uliokuwa ukiwaamkia watu.

Akamwandikia kando, wawili tu. *Kaka yangu, mimi ni dobi. Hilo shati umeacha kulivaa lini?*

Jibu lilichelewa. Lilipofika lilikuwa ujumbe wa sauti. Mwanamume aliongea chini chini, na nyuma yake kitu cha bati kikaanguka, kikabingirika, hakuna aliyekiokota.

"Dada yangu. Shati nililivua siku ileile. Vifungo siviwezi tena." Akapumua. "Ule ndio mkono ninaoukumbuka. Usiwaambie. Wakiuona wa sasa, watanisahau mimi, watabaki na mkono."

Halafu ujumbe mwingine, mfupi zaidi. "Na wako je? Nioneshe."

Alitaka kumtuliza. Akaulaza mkono wake wa kushoto juu ya meza ya pasi, akapiga picha. Haikupendeza. Akapiga nyingine. Mara ya tatu ikatoka nzuri, mkono mzima, safi. Alikuwa ameshainua kidole kuituma alipoona alichokifanya. Kile kidole kilichoungua alikuwa amekikunja chini ya kiganja, na mkono wa gauni ameuvuta ukafunika baka. Hakukumbuka kukikunja, wala hakukisikia kikijikunja. Lakini macho yake yalikuwa yamechagua yenyewe picha yenye uongo.

Duka likawa na baridi ghafla, na huku pasi iko pembeni.

Akafuta picha zote tatu, akachomoa waya, akafunga duka mchana kweupe. Kwa mumewe alifika anahema. "Chukua baiskeli yoyote yenye magurudumu mawili," alimwambia. "Twende."

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya moto. Alimshika. Hilo ndilo Mama Pasi analolisimulia kwanza hadi leo: kwamba alimshika, akamtomasa mshipa nyuma ya kiwiko, akamfumbisha macho na kumgusa kwa pamba. Akalitaja jina la ugonjwa wazi, ukoma, bila kunong'ona. Akamweleza mapema kwamba mkojo utakuwa mwekundu na ngozi itaiva hadi kuwa nyeusi, na kwamba ganzi nyingine huenda isiondoke. "Na usiionje tena pasi kwa kidole," alisema.

Ngozi iliiva kweli. Asubuhi moja alipita mbele ya kioo cha wateja akamwamkia mwanamke aliyekuwa humo. Mumewe alimtobolea kopo la maji awe ananyunyizia pasi, akaliita "kidole cha bandia". Wateja wawili watatu walihama. Mwalimu alibaki, akaleta na mapazia.

Alituma picha ya mkono wake mweusi kundini, kidole kilichoungua kikiwa mbele. Wakamtoa kabla ya jioni. Lakini kabla ya hapo alikuwa amemwandikia Mkono Salama peke yake, akamweleza duka liko mtaa gani. Hakujibiwa. Mara nyingine, akiwa peke yake dukani, alihisi mkono ule wa buluu umelazwa juu ya meza, upande wa pili wa nguo, ukingoja.

Mchana mmoja mwanamke mgeni aliingia, vumbi la safari miguuni. Akatoa mkobani shati la buluu lenye mirabaraba, akalitandaza. Mkia wa mjusi ulikuwa pale.

"Kaka yangu anasema uunyooshe huo mkunjo. Halijafuliwa tangu alipolivua. Alikuwa hataki liguswe."

"Yeye yuko wapi?"

"Nje. Hataki kuingia."

Mama Pasi akatazama dirishani. Ng'ambo ya barabara alisimama mwanamume mwembamba, mikono yote miwili imezama mifukoni, macho chini.

Akanyunyiza maji kwenye pasi. Chwi, ikalia, kavu na fupi. Akapitisha mara moja, akapitisha mara ya pili, na mkunjo uliokuwa umeifichua siri ukalala. Akalikunja shati. Dada mtu akanyoosha mikono alipokee.

"Hapana, dada," Mama Pasi akasema. "Hili nampa mwenyewe."

Akavuka barabara, shati limekaa juu ya mkono wake uliogeuka rangi, akasimama mbele ya yule mwanamume. Magari yakapita. Kitambaa cha mfuko wa kushoto kikatikisika, kikatulia, kisha kikatikisika tena.

"Chukua muda wako, kaka yangu," akamwambia. "Kliniki haijafunga."