Machozi ya Mnanaa Siku ya Mahari

Nyumbani kwetu mnanaa unaota pale maji ya robine, bomba la uani, yanapomwagikia, na mama anautumia kwa kila kitu isipokuwa kufunga mlango. Ukila maharagwe tumbo likavimba, chai ya mnanaa. Baba akirudi kutoka shamba la Runingu kichwa kinamgonga kwa jua, kitambaa cha maji ya mnanaa kwenye paji. Nilipoleta sifuri ya kemia, mama alinichemshia kikombe, eti nitulie. Nilitulia. Sifuri ilibaki palepale.

Kwa hiyo dada yangu alipotoka upele usoni, siku ya mahari yake ikiwa karibu, sikushangaa kumwona mama anachuma majani. Upele ulitokana na kremu ya kung'arisha ngozi. Dada aliinunua sokoni kwa siri, afanane na yule mwanamke mweupe kwenye kopo. Akafanana na nyanya mbivu.

Na uso ndio ulikuwa kazi yote ya siku ile. Kwetu binti anafichwa chumbani, wageni wanaletewa wasichana wengine kwanza, wanakataa kwa kelele, "Siye huyu!" Mwisho analetwa mwenyewe amefunikwa kitenge, na shangazi anamfunua mbele ya mama mkwe.

"Minye sitoki," dada alisema. "Wakinifunua, batarudi kwao Bwegera mbio."

"Usiogope," nikamwambia. "Bale balima mpunga. Bamezoea vitu vyenye maganda."

Alinirushia sandali, kisha akalia kweli, kilio cha kujificha ndani ya mto. Nikaona utani wangu leo umekosa pa kukaa. Toka hapo uso wake ukawa mikononi mwangu. Nilitupa kremu chooni. Kila nikirudi kutoka shuleni nilimwaga maji ya moto juu ya majani, nikafunika, nikangoja yapoe kabisa, nikalowesha kitambaa safi na kumwekea mashavuni. Alikuwa anafumba macho na kupumua ile harufu kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Muwasho ukapungua, akaanza kulala. Vipele vikabaki, lakini vidogo.

Siku yenyewe shangazi akafika kutoka Mutarule, sauti yake ikimtangulia uani. Akamshika dada kidevu.

"Bado iko na vipele! Hii maji yenu haina nguvu!" Akatoa kwenye mkoba kikopo cha mafuta ya mafua, yale yanayonukia mnanaa na kuchoma. "Hii ndiyo mnanaa yenyewe, iliyokomaa."

"Shangazi, hiyo iko ya kifua."

"Na uso hauko juu ya kifua? Weye nyamaza."

Akampaka mpaka chini ya macho. Kabla dada hajamaliza kusema "inachoma", nje walishaanza wimbo wa kumwita. Akafunikwa, akatolewa.

Kitenge kilipoinuliwa, machozi yalikuwa yanashuka kama mto Mulongwe wakati wa mvua. Watu wakanyoosha shingo. Halafu wamama wa upande wa bwana harusi wakapiga vigelegele.

"Muone! Analilia mama yake! Huyu amelelewa!"

Kwa sababu kwetu bibi harusi akitoka anacheka, watasema nyumba ya mama yake ilishamchosha. Shangazi akanitazama kama mtu aliyepanga yote tangu jana. Mimi nilikuwa nimeuma kitenge changu nisipasuke kwa kicheko.

Mama mkwe hakupiga vigelegele. Alisogea, akanusa, akaomba aingie chumbani na mkwe wake. Nikawafuata na beseni, maana macho yale yalikuwa yanaungua.

Dada hakungoja kuulizwa. "Mama, minye nilipaka kremu. Sura yangu iko mubaya. Kama munataka kurudi, murudi."

Yule mama akafungua kilemba chake kilichofunika mpaka pembeni mwa uso. Pembeni mwa macho yake, mpaka karibu na masikio, ngozi ilikuwa na mabaka meusi, kama masizi yaliyokataa kutoka.

"Hizi ni za harusi yangu," akasema. "Nilipaka kremu mupaka mutoto wa pili. Weye uliacha lini?"

"Ilipoanza kunichoma."

"Basi umenishinda." Akanigeukia. "Na weye mwenye kucheka, hayo maji ni ya nini?"

"Ya mnanaa, mama. Majani tu. Yamepoa."

"Leta."

Akafuta mafuta kwanza kwa pembe kavu ya kitenge chake kipya, kisha akachovya pembe nyingine na kumpangusa polepole, jicho moja, halafu lingine. Nje tulimsikia shangazi akiwafundisha watu jinsi binti anavyofunzwa kulia. Dada akaguna, akacheka, mabega yakamtikisika chini ya mkono wa mama mkwe.

Mtu akagonga mlango: wanasubiriwa kupigwa foto.

"Basubiri," akasema yule mama. "Shavu hili bado."