Sehemu ya Mwisho ya Baba Ubishi

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu hakunikaribisha kiti, alinipa wembe. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu kwenye bahasha ngumu, nimevaa gauni lililopigwa pasi mara mbili, na nilikuwa tayari kueleza nadharia ya elimu ya watu wazima kwa yeyote ambaye angeniuliza. Yeye hakuuliza. Aliwasha mashine ya kurekodi, akainamia maikrofoni na kusema, "Mimi ni mtu mzuri sana wa Shinyanga." Kisha akanigeukia.

"Ndugu Leokadia, toa neno 'mzuri'. Nikisikia pengo mahali lilipotoka, utarudi chuoni."

Tepu ya siku zile ilikuwa utepe wa kahawia, mwembamba kuliko kidole, uliosokotwa kwenye gurudumu tuliloliita rili. Sauti ilikaa humo kama chapa ya sumaku. Ulizungusha rili kwa mkono, mbele na nyuma, mpaka ukaupata mwanzo wa neno, ukautia alama kwa penseli, ukaulaza utepe kwenye kibao chenye mfereji, ukakata mshazari, kisha ukaunganisha ncha mbili kwa karatasi ya gundi. Nilikosea mara tano. Mara ya sita Fundi Mkuu alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Umeweza," alisema. "Sasa mimi si mzuri tena, na hakuna atakayejua kwamba niliwahi kuwa."

Kituo chetu kilirekodi mafunzo ya pamba, vyoo na maji ya kuchemsha, na gari la matangazo likayazungusha minadani na vijijini. Lakini mkulima aliyetoka shambani hasimami juani kusikiliza habari za choo, na kwa hiyo mafunzo yalifichwa ndani ya mchezo wa kuchekesha. Mchezo huo uliitwa Baba Ubishi. Ulihusu mzee aliyebisha kila kitu: alibisha mvua ikimnyeshea, alibisha homa huku akitetemeka. Aliyeigiza alikuwa Nkwabi, mtu wa kijiji kimoja karibu na Mhunze, aliyechimba dhahabu Geita ujanani na kurudi bila dhahabu ila na kifua kibovu na hadithi nyingi. Mkewe katika mchezo alikuwa Mwanahawa, fundi cherehani wa mjini ambaye wazazi wake walitoka pwani. Kabila lake na la Nkwabi ni watani tangu enzi za misafara, na watu hao wawili hawakujua kunyamazishana hata maikrofoni ilipozimwa.

"Wewe Msukuma, umemeza mistari yangu kama ugali wa msibani."

"Ninyi watu wa pwani mnachemsha maji matupu, mnafunika chungu, jirani adhani ni pilau."

"Siku ukifa nitavaa koti lako hilo na jeneza nitalikalia mimi."

"Utalikalia! Miguu yenyewe mifupi, utapandishwa na nani?"

Kwa miaka mitatu nilikata na kuunganisha maneno yao. Nilihamishiwa Geita kwa muda kufungua tawi, nikarudishwa Shinyanga, nikapandishwa cheo kuwa Mhariri wa Tepu. Wakati huo ilikwishaamuliwa kwamba mchezo ufungwe na nafasi yake ichukuliwe na mafunzo mapya. Gari la matangazo lilikuwa limeahidi watu sehemu ya mwisho, hata siku ilitajwa. Wiki mbili kabla ya siku hiyo Nkwabi alikufa kwa kifua. Tulimzika kijijini kwao chini ya jua kali, na Mwanahawa hakuwapo, kwani alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake Tabora.

Mkuu wa Kituo alituita ofisini. Alikuwa mtu wa kusini, mpole, mpenda utaratibu, na sijawahi kumdhania nia mbaya.

"Mchezaji amefariki, ahadi haijafariki," alisema. "Rili zake ziko wapi?"

"Kabatini, mzee. Zote."

"Basi naye yumo kabatini."

Aliandika mwenyewe maneno ya kufungia. Baba Ubishi amepata kazi mgodini. Mkewe anamwita, naye anaitikia kwa mbali kwamba yu salama ila hawezi kurudi. Kazi yangu ilikuwa kuyatafuta maneno hayo, moja moja, katika rili za miaka mitatu. Nilijifungia siku tisa. "Sijafa" nililipata katika sehemu ambayo mzee alitumbukia kwenye shimo la choo kipya. "Nipo" alilitamka akiwa chini ya kitanda, akijificha asionwe na mkewe. "Nafanya kazi" lilikuwa uongo aliomwambia bwana shamba. "Sijaruhusiwa" nililitoa kwenye sehemu ya zahanati, na "nyumbani" lilirekodiwa wakati wa masika. Nilipoyaunganisha, sentensi moja ilisemwa na mtu mwenye pumzi, kisha aliyebanwa kifua, kisha mwenye pumzi tena, na nyuma ya neno moja tu mvua ilinyesha juu ya bati na kukatika ghafla. Nilijivunia maungio yale. Nilirudia kuyasikiliza mara nyingi kupita kiasi, na ikafika mahali nilikuwa nikiingia chumbani asubuhi namsalimu.

Mwanahawa aliporudi kutoka Tabora alirekodi mistari yake akizungumza na kiti kitupu. Alipomaliza alivua miwani na kunitazama.

"Mtani wangu sijamaliza kumzika, na ninyi mmeshamtia kazini."

Sehemu ya mwisho ilisikika Mhunze siku ya mnada. Nilikuwa ndani ya gari. Mwanzoni watu walicheka walivyozoea. Kisha mke akaita, na kutoka kwenye vipaza sauti viwili juu ya gari Nkwabi akajibu: "Sijafa. Nipo. Nafanya kazi. Sijaruhusiwa kurudi nyumbani."

Kicheko kilikoma. Hakuna aliyeondoka wala kusogea. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipima karanga aliacha kopo likiwa limeinama, karanga zikamwagika, naye hakuziangalia.

Siku ya tatu Mwenyekiti wa kijiji cha marehemu alifika ofisini kwa baiskeli, shati limelowa. Mama yake Nkwabi alikuwa kipofu. Siku ya mazishi hakuuona mwili. Aliambiwa tu, akaamini. Sasa alikuwa ameisikia mnadani sauti ya mwanawe ikisema haijafa, iko kazini, haijaruhusiwa kurudi. Kwetu kila mtoto anajua maana ya hayo. Kuna wachawi, husemwa, wanaomchukua mtu, wakaacha gogo la mgomba lizikwe badala yake, naye wakamfanya msukule, mtumwa wa kulima na kuchimba asiyeonekana. Kikongwe yule aliacha kulia siku hiyohiyo. Alikataa kunyolewa nywele za msiba, akaagiza chakula cha mwanawe kitengwe kila jioni, na akamtaja aliyemchukua: Bibi Kabula, mke mwenzake, ambaye walikuwa wameishi boma moja miaka arobaini bila kupatana.

"Vijana wamempa Kabula mpaka Jumamosi amtoe," alisema Mwenyekiti. "Jumamosi ni kesho kutwa, Ndugu zangu. Mapanga yameshanolewa."

Mkuu wa Kituo alikunja uso kama mtu anayesomewa barua ya lugha ngeni. Mimi sikuwa na udhuru wake. Nilizaliwa Shinyanga. Nilikua nikitishwa kwa misukule kila nilipokawia kisimani. Siku tisa nilisikiliza maungio, sikusikiliza maneno.

"Tuandike barua yenye muhuri," alisema Mkuu.

Fundi Mkuu alitikisa kichwa. "Barua haitaonyesha wembe, mzee. Leokadia apeleke mashine, awakatie mbele ya macho yao."

Tulifika Jumamosi kabla ya adhuhuri, mimi, dereva na Mwanahawa. Bibi Kabula alikuwa amekalishwa chini, mgongo kwenye ghala la mtama, vijana sita wamemzunguka. Mama yake Nkwabi alikaa kwenye kigoda, uso umeelekea tulikosimama. Niliweka mashine yenye rili ya sehemu ya mwisho juu ya meza, nikaiunganisha na betri ya gari, nikaeleza kwa Kisukuma, neno kwa neno, jinsi sauti inavyohifadhiwa na jinsi nilivyoitunga ile sentensi.

"Tazameni," nilisema. "Neno 'sijafa' liko hapa. Nalikata. Nalitupa. Sasa halipo."

Nikalikata, kipande kikaanguka vumbini. Nikaunganisha ncha, nikawasha.

Hapa lazima nieleze jambo la ufundi ambalo mwenyewe nililisahau kwa hofu. Tepu ikikaa imesokotwa miezi mingi, hasa katika joto la kwetu, sumaku ya duru moja hupenya na kuacha chapa hafifu kwenye duru inayoigusa. Kwa hiyo neno huwa na kivuli chake, kilicholala kwenye kimya kinachotangulia. "Sijafa" nilikuwa nimelitoa kwenye rili kongwe pamoja na kimya chake cha mbele, na sasa nilikata neno tu. Kivuli kilibaki.

Mashine ilizunguka. Kimya. Kisha, kutoka ndani ya kimya hicho, kwa mbali sana, kama mtu anayesema akiwa chini ya udongo: "Sijafa."

Kuku waliendelea kuparua. Kijana mkubwa kuliko wenzake aligeuza uso kutoka kwa Bibi Kabula, akanitazama, kisha akatazama wembe mkononi mwangu.

"Kumbe ni wewe," alisema taratibu.

Nilifungua kinywa nieleze habari za sumaku. Mama yake Nkwabi akanyoosha mikono hewani.

"Mleteni."

Nilipiga magoti mbele yake. Alinishika vidole, kimoja baada ya kingine, akapapasa sugu ya wembe kwenye kidole changu cha shahada.

"Ng'wanone, mwanangu, ni vidole hivi vinavyomshika?"

Nyuma yake nilimwona Bibi Kabula. Hakuwa akilia. Midomo yake ilikuwa imekauka, nayo ilisogea bila sauti. Nikajua kwamba maelezo yoyote nitakayotoa yatamrudishia yeye mapanga.

"Ndiyo, bibi," nilisema. "Ni mimi. Bibi Kabula hana habari. Ni mimi peke yangu."

"Basi mwachie."

Sikujua namna ya kumwachia mtu. Aliyejua alikuwa Mwanahawa, kwani msibani ni mtani anayemwigiza marehemu. Bila kuuliza aliingia ndani, akatoka amevaa koti la marehemu, mikono imepita vidole, akatembea kwa mwendo wa Nkwabi wa kuburuta mguu wa kushoto, akasimama katikati ya boma.

"Mnanikodolea nini?" alisema, na sauti ilikuwa ya Nkwabi kabisa. "Nimekufa! Nabisha kila kitu, hili silibishi! Mama, nyoa nywele, unanuka msiba. Na huyo Mwanahawa wa pwani mpeni mbuzi, amekuja kwa miguu mifupi."

Mama yule alitoa sauti ambayo sikuweza kujua kama ni kicheko au kilio, na sidhani yeye alijua. Akainamisha kichwa, akaomba wembe. Nilimkabidhi wangu. Vijana waliondoka mmoja mmoja, hawakumtazama tena Bibi Kabula, na walipofika niliposimama walinizunguka kwa mbali.

Jioni ile dereva alizileta kutoka kabatini rili zote za Baba Ubishi, kama wazee walivyotaka, zikafukiwa kando ya kaburi. Nilipewa barua ya onyo kwa kupoteza mali ya serikali, na nikahamishiwa maktaba ya Geita, ambako nilifanya kazi yangu iliyobaki, miaka mingi, kati ya vitabu visivyosema.

Sasa nimestaafu kwa hiari, kabla umri haujanilazimisha. Vijana wa fani hii hunijia Kalangalala, mtaa ninaoishi hapa Geita, wakiniuliza siri ya kukata tepu bila kuacha pengo. Nawafundisha ninachokumbuka. Wakiniuliza kazi ile ilinipa nini, kinachonijia ni asubuhi moja maktabani.

Mlangoni alisimama kikongwe mwenye kuku kwapani. Nilimtambua: Bibi Kabula. Alikuwa ametoka Mhunze hadi Geita, sijui kwa siku ngapi. Nilifurahi, nikainuka upesi nimpokee, nimwamkie kama mtoto anavyomwamkia bibi yake. Hakuningoja. Alipiga magoti juu ya saruji, akaniwekea kuku miguuni, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," aliniambia. Nilikuwa na miaka thelathini. "Nimekuja kuomba. Nikifa, sauti yangu usiichukue. Imezeeka, haina kazi."

Nilitaka kumwinua. Nilipomgusa bega alitetemeka mwili mzima, nikauondoa mkono. Alibaki pale, macho sakafuni, akisubiri kuitikiwa. Na kadiri nilivyokawia ndivyo pumzi yake ilivyozidi kuwa fupi.

"Marahaba," nikasema.