Zamu ya Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista Mkuu, mtawa aliyeongoza shule, hakunikabidhi kitabu. Alinishika mkono, akanipeleka darasani saa ya chakula, akaniambia nitazame tu. Mvuke wa githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ulijaa chumba kizima, jua la mchana likipenya ndani yake, na nyundo za maseremala wa soko la Gikomba zikisikika kwa mbali. Mpaka leo miaka yangu ya ualimu hunijia hivyo, imefunikwa na mvuke.

Somo langu tuliliita malezi, yaani kumfundisha mtoto tabia njema kwa kuitenda. Kila juma mwanafunzi mmoja alikuwa mpakuzi: aliwapakulia wenzake wote, kisha akala kilichobaki.

"Hapo atajifunza kukadiria, na kujinyima," Sista alisema.

Niliipenda kazi hiyo, jamani, niliipenda sana.

Miaka ikapita, ikafika zamu ya Zuhura, msichana mpole wa mtaa wa Kaloleni ambaye mlo wake wa uhakika ulikuwa huo wa shule. Hakujua kumnyima mtu. Aliyerudi na sahani aliongezewa, na sufuria ikaisha yeye hajala. Nilimkuta akikwangua ukoko. Siku iliyofuata, vilevile.

Nikaenda ofisini nimechemka.

"Sista, tumwondoe. Atazirai huyu."

"Na utamwambia ukarimu ni kosa, Mwalimu?"

"Njaa ya mtoto si somo, Sista!"

Aligeukia dirisha. "Basi kesho mwondoe."

Kesho yake nilipofika darasani palikuwa kimya. Zuhura alikwisha kupakua, sufuria tupu mbele yake. Sahani zote zilijaa na hakuna aliyegusa kijiko. Odhiambo, mtukutu ambaye kila siku alikuwa wa kwanza kurudi kuongezewa, alikuwa amesimama akimnyooshea sahani yake. Kumbe naye alikuwa amemwona akikwangua.

"Zuu, dishi kwanza."

"Zii," Zuhura alikataa. "Mpakuzi hula mwisho."

"Basi hakuna mtu anadishi. Tutangoja tu."

Wakangoja, darasa zima, githeri ikipoa. Mwishowe Zuhura akachukua kijiko akala, machozi yakimtiririka, na wengine ndipo wakaanza.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Mowlem, na walimu vijana huja kuniuliza maadili hufundishwaje. Huwaeleza kuhusu zamu na subira. Lakini siku ile mimi sikufundisha kitu. Nilisimama mlangoni, maneno ya kumwondoa Zuhura yako tayari mdomoni, nikayameza.