Mtani Kaburini

Mtu akiniletea habari ya ajabu humwambia, nipishe. Nilitoka Kwihara bila viatu, na darasa la pili kichwani. Nimebeba magunia stesheni ya Tabora mpaka shingo ikawa nene kama ya fahali, na leo nina duka la bati na nta yangu inapanda treni kwenda pwani. Vita vya Mjerumani vimenipitia, njaa na nzige pia. Hakuna la kunishangaza. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu, mpaka siku niliyomzika kaka yangu.

Kaka ndiye aliyenilea. Baba yetu alikuwa mpagazi wa misafara, akibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, na urithi aliotuachia ni neno moja: mzigo wa mtu haufunguliwi njiani. Utotoni niliwahi kuchomoa karanga kiganja kimoja katika gunia la watu. Kaka alinichapa, kisha akanishika mkono tukaenda kwa mwenyewe, na aliyeomba radhi ni yeye, mtu mzima, mimi nimesimama namtazama. Fimbo niliisahau. Ile radhi sijaisahau.

Kwa hiyo nilipofungua duka nilimweka yeye kule Usoke, anunue nta kwa warina asali. Nani mwingine ningemwamini?

Akaugua kifua. Nikamleta kwangu Chemchem, hapa Tabora, na siku moja mchana akaniita karibu.

"Mdogo wangu, lile jiwe kubwa la mizani ya Usoke, litupe. Nimelitia risasi chini."

"Ya nini, kaka?"

"Liwe zito."

Nikaelewa. Mrina akileta nta yake, anaongeza na kuongeza mpaka mizani ilingane, naye hajui kwamba anatoa ya bure.

"Mwaka ule wa njaa watoto walikuwa wanalia," akasema. "Nikajiambia, mwezi mmoja tu. Mwezi wenyewe haukwisha."

"Wanajua?"

"Wanajua. Siku hizi wananiamkia tu, hawakai."

Akageukia ukutani. Hakufika Ijumaa.

Nililia, sitaki kudanganya. Lakini ndani ya kilio nilikuwa na hofu nyingine: mtani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Akifa mtu wetu, Mzaramo huja msibani akamtania marehemu mbele ya watu wote, na hulala kaburini asitoke mpaka apewe ada yake. Husema lolote alijualo, na hakuna ruhusa ya kukasirika.

Mtani wa kaka alikuwa muuza kahawa wa stesheni ya Tabora, mwenzake wa bao kila alipoleta nta mjini. Mtu yule! Kahawa yake nusu ilikuwa mbaazi za kukaanga, na kwenye bao aliiba kete mchana kweupe. Nilijua kaka hakumficha habari ya jiwe, maana hao wawili hawakufichana kitu. Nikajua pia kwamba mtu wa namna ile ana bei, na mimi bei za watu nazijua. Asubuhi ya maziko nikamwita nyuma ya nyumba, nikamtia noti ya shilingi mia mkononi.

"Mtani, leo mlilie rafiki yako tu. Mambo ya mizani yaache."

Akaigeuza ile noti mbele na nyuma. "Mnyamwezi wewe! Kumbe unazo hivi, na kahawa yangu unakunywa kwa mkopo?"

"Sitanii."

"Ndiyo kasoro yako." Akanirudishia mfukoni mwangu mwenyewe. "Kahawa nachanganya. Bao naiba. Lakini utani sikuununua sokoni, nilirithi. Nikiuuza leo, kesho nikimsifu maiti nani ataniamini?"

Bei ya mtu ikanishinda. Mimi!

Tulimzika Kwihara. Warina wa Usoke walikuja kwa treni ya asubuhi, wakafuata msafara wetu. Jeneza la Mwislamu kila mtu hupenda kulitia bega japo hatua chache. Wao waliliacha lipite. Walisimama kando juani, mikono nyuma, na mimi nilitamani ardhi inimeze kabla ya kaka.

Tulipofika, mtani akaruka kaburini, akajinyoosha chali.

"Mwana wa mpagazi! Mizani hii hapa, mimi nimeshapanda upande wangu, mleteni tupimwe! Na lile jiwe lake la risasi mmelileta? Hatapata usingizi bila lile! Baba yako alifika pwani na mzigo wa watu umefungwa, wewe ukashindwa na nta ya Usoke! Mwizi wewe! Umeniachia nani? Nani sasa atacheza bao na mwizi mwenzake?"

Sauti ikamkatikia. Hakuna aliyecheka. Hapo mrina mmoja, mzee wa wenzake, akaanza kucheka taratibu huku machozi yanamtoka. Akasogea ukingoni.

"Basi, mtani. Umeshasema, yamekwisha. Toka, tumpokee mtu wetu."

Wenzake nao wakasogea, wakikunja mikono ya kanzu.

"Sitoki bure," mtani akasema, uso umelowa.

Nikatoa ile noti. Akaitazama kama kinyesi cha kuku. "Hiyo ya asubuhi siitaki. Nipe ada, kama misiba yote."

Nikapapasa mifukoni, nikampa. Akatoka. Warina wakashuka, wakampokea kaka kwa mikono yao wenyewe, wakamlaza polepole, kama mtu anayelaza mtoto asiamke.

Nta yao waliyopunjwa niliilipa baadaye, na hiyo siihesabu gharama, maana ilikuwa mali yao. Iliyotoka kwangu ni ada ya mtani: shilingi mbili na senti hamsini.